Nani atapiga hodi kwa mteja wako?

Maswali ya wasomaji wenye biashara ndogo. Anajibu Bi Mizigo, aliyeanza kutuma vinyago nje ya nchi kutoka Mwenge mwaka 1999 na bado anafunga maboksi kwa mikono yake.

*Shikamoo Bi Mizigo. Naishi Tabata Segerea, nauza vikapu vya Iringa, vile vya milulu, kwa wateja wa Kanada. Wengi ni Watanzania waliolowea huko na majirani zao Wazungu. Oda napokea Instagram, mzigo napeleka Posta Mpya kila Alhamisi. Tarehe 7 Novemba 2024 nilituma vifurushi 14 vya Krismasi. Ijumaa ya wiki iliyofuata nikasikia posta ya kule imegoma. Vikapu vilifika Januari. Wateja watano walidai pesa zao, nikawarudishia, na vikapu wakabaki navyo. Mwaka 2025 nikasema najiongeza: nikahamia EMS, nikalipa zaidi, nikijua hiyo ni njia nyingine. Septemba wakagoma tena, yakanikuta yaleyale. Msimu mwingine unakuja. Nifanyeje mzigo ufike hata wakigoma? Na hawa watu hawaoni haya kuwaharibia wenzao riziki?*
*Mama Vikapu, Tabata Segerea*

Marahaba mwanangu, na pole. Nianze na hilo la mwisho maana limenichoma kidogo. Mei 2023 sisi wafanyabiashara wa Kariakoo tulishusha mageti tukidai tusikilizwe kuhusu kodi. Juni 2024 tukayashusha tena. Kuna mtu alitoka Songea na pesa kiunoni kununua mzigo wa duka lake, akakuta makufuli, akalala gesti siku mbili anakula akiba yake. Naye bila shaka aliuliza kama hatuoni haya. Wale wafanyakazi wa Canada Post waliotoka kazini tarehe 15 Novemba 2024 walikuwa takribani 55,000, wanagombania mishahara na mazingira ya kazi. Una haki ya kukasirika, ila usimwandikie mteja maneno ya kuwatukana. Hujui, pengine mumewe ndiye anayebeba mkoba wa barua.

Sasa mzigo. Ukikabidhi kifurushi pale dirishani Posta Mpya unadhani umempa mtu mmoja. Umewapa wawili. Shirika la Posta Tanzania linakipokea na kukifikisha kwenye ndege. Kikitua Kanada kinapokewa na Canada Post, na ni wao wanaokipeleka mpaka kwenye mlango wa mteja. Hivyo ndivyo posta za dunia zinavyofanya kazi tangu Umoja wa Posta Duniani ulipoanzishwa Bern mwaka 1874: nipelekee wangu huko kwako, nami nitakupelekea wako huku kwangu. Ni mpango mzuri, na ndiyo maana ni nafuu. Lakini mkono wa pili ukisimama, wa kwanza hauna la kufanya. Katika ule mgomo wa 2024 hata posta ya Marekani, jirani wa ukuta mmoja na Kanada, iliacha kupokea mizigo ya kwenda huko kuanzia Novemba 29.

EMS, mwanangu, si kampuni nyingine. Ni huduma ya haraka ya posta hizohizo. Ulilipia kiti cha mbele kwenye basi lilelile.

Toa risiti zako uangalie namba ya kufuatilia mzigo. Ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi. Za kwako zinaishia na TZ. Ikianza na E ni EMS, ikianza na C ni kifurushi cha kawaida, ikianza na R ni rejista. Popote duniani ukikutana na namba ya umbo hilo, jua mzigo uko mikononi mwa posta, hata kama aliyekuuzia huduma alikuwa amevaa fulana yenye jina jingine.

Hilo nililijua kwa hasara. Mwaka 2022 wafanyakazi wa Royal Mail, posta ya kule Uingereza, wanachama 115,000 wa chama cha CWU, waligoma siku 18 kwa vipande, kuanzia Agosti mpaka mkesha wa Krismasi. Mimi nilikuwa na maboksi 11 ya khanga na vinyago vya wateja wa London na Leicester. Nikajifanya mjanja, nikapanda ghorofa ya tatu kwa wakala mmoja Kariakoo, jina lake nalihifadhi. Feni inalia kama mbuzi, ukutani ameweka picha ya ndege. Akaniapia kwamba yeye ni mlango kwa mlango, posta hana habari nayo. Bei yake ilikuwa nusu ya wenzake, na hapo ndipo ningeshtuka. Wiki mbili baadaye ananitumia namba mpya za kuwapa wateja. Nikavaa miwani: herufi mbili, tarakimu tisa, GB. Kumbe alisafirisha mzigo wa watu wote kwa jumla mpaka Uingereza, akafika pale akaubandika stempu na kuutumbukiza kwenye posta ileile niliyokuwa naikimbia. Niliruka majivu nikakanyaga moto, na nauli nililipa mwenyewe.

Tangu siku hiyo, kabla sijauliza bei nauliza: huko mwisho, nani atapiga hodi kwa mteja wangu? Nataka jina la kampuni, na nataka nioneshwe namba ya mzigo mwingine uliokwisha kufika mji uleule. Wakala akianza kuzunguka, namuaga.

Kampuni binafsi kama DHL na FedEx zina ofisi Dar, zina ndege zao, na kwenye miji mikubwa ya Kanada zina magari yao ya kufikisha mzigo. Posta ikigoma wao wanaendelea. Ndiyo njia yako ya kwanza, lakini ina miiba mitatu na nitaisema yote maana hakuna atakayekwambia dirishani.

Mwiba wa kwanza ni anwani. Gari la kampuni halipeleki mzigo kwenye sanduku la posta. Pitia daftari lako, kila mteja aliyekupa sanduku muombe jina la mtaa, namba ya nyumba na simu inayopokelewa. Kisha tazama posti kodi zao. Za Kanada zina herufi na tarakimu kwa kupishana, sita jumla: ikianza na M ni Toronto, H ni Montreal, V ni upande wa British Columbia. Tarakimu ya kwanza, ile inayofuata herufi ya kwanza, ikiwa sifuri, mteja wako yuko shamba. Huko kampuni binafsi huongeza bei ya umbali, huchelewa, na pengine kituo cha kuchukulia mzigo kiko mwendo wa saa nzima kwa gari. Hao wenye sifuri waweke alama ya wino mwekundu na uwaambie mapema. Kwa wateja wa aina hiyo mimi husubiri mgomo uishe, sijidanganyi.

Mwiba wa pili ndio utakaokuumiza wewe kuliko mimi: ujazo. Mimi nauza mpingo. Kinyago cha mpingo ni kidogo na kizito kama deni, kwa hiyo mzani ndio unaosema. Kikapu ni hewa iliyofungwa kwa nyasi. Kampuni hizi zinapima boksi kwa futi kamba, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, zinagawa kwa 5,000, jibu linalopatikana wanaliita kilo. Likizidi uzito wa mzani, unalipa hilo. Tuseme boksi lako ni 60 kwa 50 kwa 40. Hiyo ni 120,000, gawa kwa 5,000, unapata kilo 24. Ndani una vikapu sita ambavyo mzani unasema kilo saba. Utalipia kilo 17 za hewa ya Segerea kwenda Toronto.

Dawa iko kwenye namna unavyouza. Acha kuuza kikapu kimoja kimoja, uza seti ya tatu: mkubwa, wa kati, mdogo, kila mmoja ndani ya mwenzake kama sufuria za bibi harusi. Waambie akina mama wa Iringa wakusukie kwa vipimo hivyo tangu mwanzo, si wewe uje kulazimisha na kuvunja mdomo wa kikapu. Mishikio ya ngozi ilaze ndani. Tafuta boksi la 50 kwa 40 kwa 25. Hilo ni kilo 10 tu kwa hesabu ileile, na vikapu sita vyako vinaingia. Mimi maboksi nanunua kwa wauza vifaa vya umeme Kariakoo, yale magumu ya tabaka mbili, nayakata kwa kisu na kuyashona upya kwa soltepu pana mpaka yawe saizi ninayotaka. Mjukuu wangu anacheka, anasema bibi unashona boksi. Acha acheke.

Na vikapu vikauke juani kabla ya kufungwa. Forodha za Kanada ni wakali kwa vitu vya mimea. Wakikuta mdudu au mbegu ndani ya nyasi, mgomo utakuwa tatizo lako dogo.

Mwiba wa tatu ni bili ya mlangoni. Mzigo unaotoka kwetu ukiwa na thamani isiyozidi dola 20 za Kanada hausumbuliwi. Ukizidi hapo, kuna kodi. Kampuni binafsi humlipia mteja pale forodhani, kisha humdai pamoja na ada yao ya kazi hiyo. Mteja aliyezoea posta anashangaa kupigiwa hodi na bili mkononi, anakataa mzigo, na gharama ya kuurudisha Dar inakuangukia wewe. Mwandikie kabla hajalipa oda: bei ya kikapu ni hii, usafiri ni huu, kodi ya kwenu utalipa mwenyewe. Kwa upande wa ushuru wa forodha una nafuu, maana Kanada ina utaratibu maalumu kwa nchi zenye maendeleo duni na Tanzania imo, lakini lazima karatasi zioneshe bidhaa ilitengenezwa hapa. Kwenye ankara andika ukweli: vikapu vya nyasi vilivyosukwa kwa mkono, idadi, bei halisi. Ukiandika zawadi wakati ni biashara, na mteja ana risiti yako ya Instagram, unajitafutia la kujitafutia.

Wewe una wateja kiasi gani? Hukusema, lakini vifurushi 14 kwa Alhamisi moja si mchezo. Kwa wingi huo mimi nisingetuma vifurushi 14 hata kidogo. Ningetuma mzigo mmoja. Tafuta mtu wako unayemwamini kule, binamu, wifi, mwanafunzi mwenza, aliye Toronto au mji mwingine ambako wateja wako ni wengi. Fungasha vikapu vya msimu mzima, uvipeleke kwa mtu wa kliaringi mwenye leseni, mzigo upande ndege kama kago kutoka uwanja wa Julius Nyerere. Kago ya ndege kwa kawaida hugawa ujazo kwa 6,000 badala ya 5,000, kwa hiyo hata hewa yako inakuwa nyepesi: lile boksi la kilo 24 linakuwa kilo 20. Na bei ya kilo moja kwenye kago ya pamoja ni tofauti kabisa na ya kifurushi cha haraka. Ulizia kwa watu watatu, utaniambia.

Wifi akishaupokea, anavigawa. Wa jirani wanakuja kuchukua wenyewe. Watanzania wa huko wakikutana kwa sherehe ya Uhuru tarehe 9 Desemba, abebe vya wale watakaokuwepo. Wa mbali awatumie kwa kampuni za ndani. Purolator, kwa mfano, sehemu kubwa ya hisa zake ni za Canada Post, lakini wafanyakazi wake ni wa chama kingine na waliendelea na kazi wakati wenzao wamegoma. Ila uwe mkweli kwa wifi: mzigo wa biashara ukiingia kwa jina lake, yeye ndiye mwagizaji. Forodha watamtaka awe na namba ya biashara ya kuingizia bidhaa. Mlipe kwa kazi hiyo. Nimeona undugu ukifia kwenye boksi la khanga, na si mara moja.

Tuje kwenye muda, kwa sababu hapo ndipo ulipoangukia. Mwaka 2024 chama cha wafanyakazi wa posta kule Kanada kilitoa ilani ya mgomo tarehe 12 Novemba, saa 72 kabla ya kutoka kazini. Wewe ulikuwa umetuma tarehe 7. Ilani ilipotoka, vikapu vyako vilikuwa vimeshapaa. Saa 72 zinamtosha mtu wa Montreal anayetuma Ottawa. Mtu wa Segerea zinamkuta mzigo uko angani. Septemba 2025 ilikuwa mbaya zaidi: serikali yao ilitangaza mageuzi ya posta na siku hiyohiyo, tarehe 25, watu wakatoka. Kwa hiyo usisubiri ilani. Wewe sikilizia kura. Chama kikipiga kura ya kuridhia mgomo, kama walivyofanya kabla ya ule wa 2024, hiyo ndiyo siku yako ya kuacha kupeleka mzigo Posta Mpya na kuhamia njia ya pili, hata kama mazungumzo bado yanaendelea na kila mtu anasema yatakwisha salama. Mwambie huyo wifi akutumie habari zao kwa WhatsApp, kazi ya dakika moja.

Ujue pia mgomo una sura mbili. Kuna wa wote kutoka, kila kitu kinasimama. Kuna wa zamu, mji huu leo, ule kesho, kama walivyofanya kuanzia tarehe 11 Oktoba 2025. Wa zamu unachelewesha lakini mzigo unatembea. Usikurupuke kulipa nauli ya ndege kwa sababu ya mgomo wa zamu.

Na njia ya pili uifungue kabla hujaihitaji. Nenda sasa hivi, wakati hakuna haraka, ukafungue akaunti ya biashara kwenye kampuni mbili. Tuma boksi moja moja la majaribio. Mgomo ukianza kila mtu anakimbilia mlango huohuo, na kampuni binafsi zikizidiwa huanza kuchagua, na wa kwanza kukataliwa ni mgeni asiye na akaunti anayehema na maboksi kichwani.

Mwisho, wale wateja watano. Hapo ulikosea, nisamehe nikisema. Mzigo uliokwama kwenye mgomo haujapotea, umelala. Hakuna anayeweza kuufukua humo, si wewe wala posta yetu, na mgomo ukiisha huwa wanaanza kupunguza mlundikano wa wiki nzima nzima. Mimi siku ya kwanza tu ya mgomo huwaandikia wote, kabla hata mmoja hajaniuliza. Ujumbe wangu ni huu, uchukue: "Mzigo wako ulitoka Dar tarehe fulani, namba yake ni hii, angalia mwenyewe. Posta ya huko imesimama. Chagua moja: usubiri, nami nitakupunguzia kwenye oda ijayo, au nikurudishie pesa leo, na kifurushi kikifika unilipe tena." Wengi husubiri. Anayerudishiwa anakuwa ameshakubali kwa maandishi kwamba kikapu kikifika ni deni. Risiti za posta zitunze. Kifurushi kisipoonekana kabisa una miezi sita tangu siku ya kutuma ya kuomba kitafutwe, na bila risiti hawana pa kuanzia.

*Shikamoo mama. Nina duka la kava za simu na vioo vya skrini, Mtaa wa Aggrey. Wateja wangu wako Mwanza, Mbeya na Tabora, nawatumia kwa posta na siku nyingine EMS. Hayo ya posta kugoma kama huko Ulaya yanaweza kutokea hapa kwetu? Nijiandae vipi?*
*Kijana wa Kava, Kariakoo*

Marahaba. Yanaweza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua haki ya kugoma kwa utaratibu, na inataja huduma ambazo watu wake hawaruhusiwi: maji na usafi, umeme, afya, zimamoto, kuongoza ndege. Posta haimo kwenye orodha hiyo ya sheria. Sisemi itatokea, nasema usijenge duka juu ya mguu mmoja.

Mguu wako wa pili unaujua, unapita mbele yako kila siku na honi. Basi. Kava za simu ni mzigo mtamu kwa basi: mdogo, hauvunjiki, hauna harufu. Ofisi za mabasi ziko Shekilango na kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis. Lakini rudi kwenye swali langu la juu: nani atapiga hodi? Kwa basi, hakuna. Mzigo unaishia ofisini au stendi, na mteja ndiye anayeufuata. Wa Mwanza mwambie ni Nyegezi, wa Mbeya mwambie ni Nanenane, na atume bodaboda wake mwenyewe kama hawezi kwenda.

Usimpe konda mzigo mkononi akautia chini ya kiti. Kata risiti dirishani, iandikwe jina na simu ya mpokeaji, thamani ya mzigo, na yaliyomo. Piga picha ya risiti, ya boksi likiwa limefungwa, na ya namba ya gari, umtumie mteja zote tatu gari likiwa bado halijatoka. Andika jina la mpokeaji pande mbili za boksi kwa maka, maana upande mmoja utachanika. Vile vioo vya skrini visimamishe wima, usivipange kama chapati. Vikilala vya chini vinabeba uzito wa vyote na barabara ya kwenda Tabora unaijua.

Na basi nalo lina siku zake. Mei 2015 madereva wa mabasi waligoma, abiria wakajaa Ubungo na mabegi yao, na mizigo ikabaki. Siku zile waliookoka ni wale waliokuwa na mtu wa posta anayewajua kwa jina. Kwa hiyo usiihame posta, endelea kuwapelekea sehemu ya mzigo kila wiki.

*Bi Mizigo, kuna dada anasafiri kwenda London, amekubali kunibebea mzigo wa mteja, kilo nane, kwa bei rahisi kuliko kampuni yoyote. Anasema hata posta ikigoma yeye anatua tu. Ni wazo zuri?*
*Msomaji, Kinondoni*

Ni zuri kwa dagaa na unga wa muhogo wa mama yako. Kwa biashara, hapana. Forodha wakimsimamisha, ataulizwa kama mzigo ni wake na kama ameufunga mwenyewe, na atalazimika ama kusema uongo ama kukutaja. Bidhaa za kuuza zinapaswa kutajwa zinapoingia, hata zikiwa kwenye sanduku la nguo. Na sanduku likipotea uwanja wa ndege, wewe huna risiti ya mtu yeyote.

Kama umeshakubaliana naye na huwezi kurudi nyuma, mfungulie boksi mbele yake. Atoe kitu kimoja kimoja, akipapase, akirudishe, afunge kwa mikono yake. Mpe ankara yenye bei halisi na pesa ya kodi mkononi, akaitangaze. Akikataa kutangaza, chukua boksi lako ushuke nalo kwa bodaboda.